Adui wa Kushoto

Adui alimkata koromeo kutoka kushoto, na binti hakugeuka hata kidogo.

“Umekufa tena,” alisema muuzaji. “Mara ya tano hiyo.”

Ndivyo alivyopima hedifoni za gemu dukani kwake. Mteja anaipa skrini mgongo, anavaa, kisha ananyoosha mkono kule anakosikia hatari. Muuzaji anatazama skrini na kusema kama kapatia. Hii ilikuwa ya waya, yenye sauti ya kuzunguka pande zote, na waya wenyewe mnene kama kamba ya viatu.

Risasi zilipotoka kulia, mkono wa binti uliruka hapohapo. Panga lilipotoka kushoto lilimfyeka, damu ikatapakaa skrini nzima, naye katulia kama yuko kwenye foleni ya benki.

Jumamosi kulikuwa na mchujo wa timu ya gemu, na asiyemsikia adui hachukuliwi. Kwa wiki nzima binti hakuzungumzia kitu kingine. Lakini hedifoni hakuomba. Mama ndiye aliyemburuta hadi dukani.

“Lete nyingine,” mama alifoka. “Hii mbovu.”

“Mama, hii ni ya tatu.”

“Hata ya kumi! Unaona mwanangu anavyochinjwa, nawe unachekacheka tu? Upande mmoja umekufa. Mnatuuzia takataka!”

“Mama, twende tu,” binti alisema kwa sauti ya chini.

“Kaa hapo! Leo hatoki mtu bila hedifoni nzima.”

Muuzaji alichoka. Akaivua kichwani mwa binti, akamvalisha mama. “Haya, mama, ufe na wewe tuone.”

Mama alifumba macho. Kwanza kimya. Kisha hatua, pumzi nzito, kisu kikichomolewa, vyote kushoto, karibu mno, hata akapiga yowe na kuikinga shingo kwa mikono miwili.

“Basi ni nzima,” alisema muuzaji. Safari hii hakucheka. Alisogea nyuma ya binti, akainama, akamnong'oneza kwenye sikio la kushoto, “Binti, nyoosha mkono.”

Binti aliendelea kutazama mbele.

Mama aliivua hedifoni polepole. “Tangu lini, mwanangu?”

“Tangu ulipoivunja ile ya zamani, mama,” binti alijibu. “Nilikuwa bado nimeivaa.”