Swali la Tisa

Saleh, mnunuzi wa kahawa mjini Omurushaka, alitaka mtunza ghala asiyekurupuka. Ndiyo maana alikuja na karatasi ya maswali hamsini ya kupima tabia.

"Swali la tisa," alimsomea mwombaji kazi. "Mimi ni mtu mtulivu. Moja ni hapana, tano ni kabisa. Ngapi?"

"Tano," alijibu yule dada.

Tone la mvua likagonga bati.

Benchi likapinduka. Dada alikuwa keshafika uani, peku, anakunja turubai lililoanikwa kahawa ya Saleh, kisha la jirani asiyemjua.

Alirudi ameloa chapachapa, punje za kahawa zimenasa nyweleni.

"Samahani, bosi. Tulifikia swali la ngapi?"

Saleh alikata ile tano, akaandika moja.

"La mwisho. Unaanza leo."