Kijistari cha Kusimama

Dada yangu aliposema ameacha chuo nilicheka, kwa sababu kwetu mwenye leseni ya mizaha ni mimi.

"Sitanii," alisema. "Barua nimeipeleka asubuhi, wameigonga muhuri. Kichwa changu kimefika mwisho, mdogo wangu."

Alikuwa mwaka wa nne wa mekanika changanuzi, elimu tukufu ya kuendesha vitu kwa milinganyo bila kuvigusa. Miezi miwili alikokotoa mwendo wa pendulamu mbili, moja imening'inia chini ya nyingine. Kila mara nishati iliongezeka yenyewe, jambo lisilowezekana. Alirudia mpaka akaamini kwamba mjinga ni yeye.

Nilifungua daftari lake ukurasa wa tatu, nikaweka kidole kwenye alama ya kujumlisha. Kijistari cha kulala kilikuwa cha wino mweusi. Cha kusimama kilikuwa cha bluu, kimeinama kidogo kama mtu anayechungulia dirishani.

"Hiki ni changu," nilisema. "Nilikichora likizo iliyopita, nilipotoka bweni. Nilidhani utakigundua siku hiyohiyo, unizabe kofi, tucheke."

Hakunizaba. Alichukua kalamu, akaandika alama ya kutoa, akashuka nayo mstari kwa mstari, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilisimama pembeni nikiomba akosee.

Hakukosea. Pande mbili zililingana.

"Imekubali," alisema polepole. Akafunga daftari, akaniuliza kama nimeshakula.