Nota ya Mwisho

Ezroni alifungua daftari lake la nota kwenye mkeka wa msiba. Kwa miaka mitatu mwalimu wake wa utunzi alimfundisha jambo moja: usiyatungie maneno sauti kabla hujamsikia mwenyewe akiyasema.

Mbele yake alikaa Mama Sikitu, ambaye kesho angemzika binti yake. Kwaya ilikuwa ikisubiri wimbo.

"Pole sana, mama. Naomba uyaseme yale maneno unayotaka tuyaimbe."

"Mwanangu, umeniachia nani?"

Ezroni akaandika: so, so, mi, re. "Mara moja tena, mama. Polepole."

Alisema tena, na safari hii neno la mwisho lilimkatikia kooni akaangua kilio. Penseli ikakimbia. Sauti ilipanda hadi nota ya la, ikaporomoka hadi do ya chini. Ezroni hakuwahi kupata sauti nzuri kama ile, na kwa muda wa kufumba na kufumbua alifurahi.

"We kijana, mwache mama wa watu!" alifoka jirani aliyemshikilia mfiwa.

Alitaka kuiweka penseli chini ampe mama mkono. Lakini mkono ule ulikuwa umefundishwa kazi moja tu, ukaendelea kuandika kwikwi baada ya kwikwi.

Hatimaye Mama Sikitu alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Umepata, baba?"

Ezroni alifungua mdomo amwimbie. Badala yake akamgeuzia daftari.

Mama akajisogeza, akaweka kidole juu ya nota ya mwisho, ile ya kwikwi.

"Na hapa," aliuliza, "wataimbaje?"