Klara wa Upanga

Badria alikuwa akimwonea wivu msichana ambaye hayupo duniani.

Msichana mwenyewe aliitwa Klara, miaka kumi na tatu, mkazi wa Upanga, mpenda paka. Aliyemtunga ni Badria, kwa simu yake ya biashara, nyuma ya marobota ya vitenge dukani kwake Kariakoo. Ilikuwa baada ya semina ya wazazi. Ofisa wa serikali, mama mmoja mwenye miwani, alikuja shuleni kwa binti yake, Salma. Jumamosi akakaa na akina mama, Jumapili na akina baba, kama ilivyo desturi ya shule ile.

"Serikali haiwezi kulala chumbani kwa mtoto wako," aliwaambia. "Sheria tutatunga, lakini huko mtandaoni mwingie wenyewe. Mjue mwanao anaongea na nani."

Seifu, mumewe, aliporudi Jumapili, Badria alimwuliza wao wameambiwa nini.

"Yaleyale," alisema Seifu, akaomba chai.

Jumatatu Salma alinuna tangu asubuhi. Alikuwa amegombana na baba yake juu ya simu, na Badria hakutaka kuingilia. Jioni Klara akamwandikia Salma: "Mambo?"

"Poa," jibu likaja.

Mwanzoni ilikuwa raha. Salma wa nyumbani ukimsemesha anajibu kwa mabega, lakini huyu wa kwenye simu alikuwa na maneno tele. Alimwuliza Klara amekula nini, anaishi na nani, nani humfuata shuleni. Yeye aliyemzaa hajaulizwa hata siku moja kama amekula.

Wivu ulianzia hapo. Klara akikaa kimya, anatafutwa: "Uko wapi? Niambie basi." Siku moja ukaja ujumbe mrefu kidogo: "Nyumbani kwetu hakuna anayeniuliza nimeshindaje. Mama yupo, ila yuko na vitenge vyake." Badria alilia mbele ya mteja, akasingizia vumbi.

Akaamua kushindana. Klara aliuliza, "Chakula gani unakipenda?" Akajibiwa: vibibi vya mama, vile vya mchele na nazi, vya zamani. Usiku huohuo Badria akaloweka mchele. Asubuhi Salma alimega kimoja, akatoka. Seifu ndiye aliyemaliza sahani, halafu akakaa akiitazama. Badria aliosha vyombo kwa hasira. Vingekuwa vya Klara, alijiambia, vingesifiwa.

Jioni nyingine Salma alikuwa amejilaza kwenye kochi, anacheka na simu mpya aliyopewa na baba yake, mpaka machozi. Badria akachungulia ya kwake kwa siri. Kwa Klara hakukuwa na ujumbe wowote. Kumbe kuna mwingine tena! Usiku ule hakupata usingizi. Alimchukia Klara, akamchukia na huyo mwingine asiyemjua, na asubuhi akaandika kwamba Klara anahama na hawataongea tena.

"Usiondoke," jibu lilikuja haraka. "Tuonane kwanza. Jumamosi saa kumi, pale kwenye juisi, jirani na Mnazi Mmoja. Nitaweka begi langu la njano mezani. Ukifika liguse tu, nitakujua. Na uje peke yako."

Vizuri, alifikiri Badria. Atamkumbatia mwanawe, atamweleza yote, na Klara atakufa palepale.

Jumamosi Salma aliaga anaenda twisheni. Alikuwa amejipaka wanja, mtandio unanukia udi. Hata siku ya Idi hajipambi hivyo kwa ajili ya mama yake. Badria alimtazama akishuka ngazi, roho ikimuuma. Msumari wa ukutani, anapotundika begi lake la njano, ulikuwa mtupu.

Alifika saa kumi kasoro, amejifunika buibui mpaka usoni. Begi lilikuwa mezani, kwenye kona. Mwenyewe amekaa upande wa pili wa nguzo, haonekani. Meza ya jirani vijana wawili walikuwa wakinywa soda polepole. Badria alisogea. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalimkimbia, akanyoosha tu mkono na kuligusa begi.

Mkono wa kiume ukamdaka.

"Ndiye huyu, afande," ilisema sauti nyuma ya nguzo. "Huyu ndiye Klara anayemwandama binti yangu."

Vijana wa soda walikuwa wameshasimama. Nyuma ya begi ilikuwepo simu ya zamani ya Salma, ile aliyogombania na baba yake. Badria hakuhitaji kuuona uso wa mwenye sauti ile.

"Seifu," alisema, "Salma yuko wapi?"