Gari Limepanda

"Haya panda, mama watoto. Safari hii tope ndilo litatuogopa," mzee alisema, akijifuta mikono iliyojaa weusi wa mpira.

Mara ya mwisho kigari chao kilinasa njiani, na mkewe mgonjwa hakufika hospitali. Ndiyo maana leo kimefungwa matairi makubwa ya njia mbovu, yenye meno manene. Fundi alikata kingo za madigadi ili matairi yasisugue. Kuyabeba, mzee alikataa kusaidiwa. Aliyakumbatia moja moja kifuani huku akihema.

Mkewe akainua mguu. Ncha ya kandambili ikagusa kizingiti cha mlango, ikateleza. Akajaribu tena. Gari lilikuwa limepanda juu, na hilo hakuna aliyeliwaza.

"Ungeninunulia na ngazi," alisema, wakacheka.

"Basi nakubeba."

"Wewe? Siku ya harusi ulinibeba, tukaanguka wote mbele ya wakwe!"

Mzee alitanua miguu, akakaza mgongo, akavuta pumzi kama alivyofanya kwenye matairi. Akamnyanyua kwa nguvu zake zote, nusura amgonge kichwa kwenye paa la gari.

Akabaki amesimama, mkewe mikononi. Mikono yake ilikuwa bado inaukumbuka uzito wa tairi.

"Bado mzito, eh?" mkewe aliuliza, shavu likiwa begani pake.

Fundi aliinama, akaanza kukaza nati aliyokwisha kuikaza.

"Mzito," mzee alisema, akijifanya anahema. "Utanivunja mgongo, mwanamke wewe."