Chandarua cha Kinyonga

Ndani ya sanduku la kioo, kinyonga wa mume wa Zamda alikuwa amegeuka mweusi. Hewa haikumtosha, na kila akigeuka alijiona kwenye kioo akadhani kuna adui. Alihitaji kizimba cha wavu. Zamda akapanda kitandani, akakifungua chandarua, akaanza kukikata kwa mkasi.

Wifi yake, Mwanahija, aliyekuja kuchukua shuka za kupeleka hospitali alikolazwa kaka yake, akaduwaa mlangoni na shuka mkononi.

“Wifi! Unakata chandarua cha kaka? Akirudi je?”

Mkasi ukasimama. Zamda hakuwa amejiuliza. Mikono yake ilikuwa imeshaamua kabla yake.

“Jana kaniambia nimtunze huyu,” akasema. “Hakusema kingine.”

Mwanahija akaweka shuka chini, akaja kushika upande wa pili.

Wakauwamba wavu kwenye fremu ya mbao, wakasimamisha tawi la mpera ndani, wakamhamishia kinyonga humo. Zamda akanyunyizia majani maji, maana kinyonga hanywi bakulini. Taratibu akapanda tawini, akalamba tone, ukijani ukaanza kumrudia.

Kisha akatulia juu kabisa. Jicho moja lilimwangalia Zamda. Jingine liligeukia kitanda kilichobaki wazi.