Saa ya Mashine ya Hajji Swalik

Siraj alikuwa amejikunja mbele ya kompyuta huko Bwera, mpakani na Kongo, na siku hiyohiyo alikuwa anaoa huko Kasese. Ndoa ilikuwa ifungwe saa kumi alasiri. Baba yake Shamira, bibi harusi, alishaapa: bwana harusi huyu amechelewa mara mbili, akichelewa tena binti haolewi naye.

"Usiogope," Siraj alikuwa amemwambia mdogo wake Wahab akitoka nyumbani. "Vaa kanzu yangu isikunjane, ukae kwa kiti changu mutu asikichukue. Nitafika mapema."

Mwenye kompyuta, Hajji Swalik wa malori, alikuwa amefura.

"Hii kitu itaniua! Ile ya inje nilirekebisha saa yake mwenyewe na mukono. Hii ya ndani inakataa. Iko mbele saa muzima! Angalia simu yangu."

Ya ndani ilikuwa mashine pepe, kompyuta isiyo na chuma, iliyoishi ndani ya ile ya mezani na kutoa risiti za malori. Siraj naye akatoa simu yake. Juu yake kulikuwa na ujumbe wa Kifaransa. Akaufuta, matangazo yamezidi siku hizi. Simu mbili zilisema kitu kimoja, basi mashine ikakosa wa kuitetea.

Hajji akanyoosha kidole abonyeze.

"Usiguse, Hajji! Haipasuliwi tumbo ikiwa macho."

Siraj aliizima kwanza. Akatoa nakala yake nzima, kisha akafungua mipangilio ya nakala kwa kutazama tu, mikono mbali na vitufe.

"Ya kweli tunaiacha ilale," alieleza kwa maringo. "Tunajaribu kwa nakala. Ikiharibika, hakuna matanga."

Ndani ya mipangilio, majira ya saa yalikuwa yamefungwa kwenye Nairobi. Siraj akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nairobi! Nani hapa anaishi Nairobi?"

Akaweka Harare, maana ndiyo iliyopatana na simu. Akaiwasha nakala: safi. Akarudia kwenye ile ya kweli: safi pia. Hajji alifurahi, akaagiza pilau.

Siraj alitazama simu. Saa nane. Wakati ulikuwa wa kumwaga. Alikula, akaongezewa, akanawa mikono bila haraka. Tangu azaliwe hakuwahi kufika mahali mapema, na raha ya jambo hilo ilimpanda kichwani.

Walipofika Muhokya, njiani kwenda Kasese, ndani ya gari la Hajji, simu ilitetemeka mfukoni. Siraj akaitoa. Saa tisa unusu iliruka mbele ya macho yake ikawa saa kumi unusu, na ujumbe ukaingia: karibu tena Uganda.

Kabla hajasema neno, simu ikaita. Wahab.

"Kaka, tangu asubuhi haupatikani! Lakini usijali. Muzee wa Shamira ameona kanzu iko kwa kiti, ametulia. Ndoa imeshafungwa."

"Imefungwa namna gani bila mimi?"

"Sheikh aliniuliza kama ninakubali. Watu wote wananiangalia, nikasema nimekubali." Wahab akashusha sauti. "Ila kaka, hakuniuliza ninakubali kwa niaba ya nani."